Wadi Shab: Nenda Asubuhi au Usiende

Likizo ya katikati ya mwaka iko mlangoni. Ndege za kutoka Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa zitashusha wageni Muscat: watoto wanaokwenda kwa babu zao, mashangazi wanaokwenda kuwaona wadogo zao. Wiki ya kwanza ni salamu na biriani. Wiki ya pili mtu atasema, twendeni kwenye korongo la Wadi Shab.

Msiende hivihivi.

Atakayewapeleka atasema ni matembezi mepesi, hata mtoto anayaweza. Hasemi uongo. Mnashika barabara kuu ya Sur, mnapita Qurayyat, mnafika Tiwi. Mnaegesha gari chini ya daraja na kuvushwa dimbwi kwa mashua. Halafu ni kutembea tu, kama dakika 45, katikati ya kuta za mawe zilizosimama wima. Chini kuna mitende na migomba, na maji ya falaji, umwagiliaji wa jadi, yanakwenda taratibu kwenye mfereji pembeni mwa njia. Hakuna mlima wa kupanda. Mwisho wa njia ni madimbwi ya kijani. Mtu anaogelea mpaka kwenye ufa wa mwamba, ufa mwembamba wa kupitisha kichwa tu, na ng'ambo yake kuna pango lenye maporomoko ya maji. Nimewaona watu wazima wakitoka humo wanacheka kama watoto. Pazuri, na sibishani na uzuri wake.

Lakini njia ya kuingia ni hiyohiyo ya kutokea. Ni moja, ndefu, nyembamba, na mwisho wake ni mashua.

Joto linaua humo. Maji yanaua humo.

Tuanze na joto. Tarehe 26 Juni 2018, hapo Qurayyat mnapopita, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi kwa saa 24 nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu ya usiku. Mtu wa pwani husema, sisi joto tumelizoea. Joto la kaskazi tumelizoea, ndiyo, na kaskazi ina upepo wa bahari. Ndani ya korongo mawe yanapokea jua tangu asubuhi, na ikifika mchana yanakurudishia. Serikali ya Oman inawapumzisha wafanyakazi wa nje kuanzia Juni hadi Agosti, saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Fundi aliyezoea joto hilo anaambiwa ashuke kwenye jukwaa. Saa hiyohiyo mgeni aliyetua juzi anapanda mashua, kavaa ndara, na kichupa cha maji cha nusu lita kiko mkononi.

Joto halianzi kwa kuangusha mtu. Linaanza kichwani. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anakuwa mkali bila sababu. Kisha anapepesuka. Kisha anajibu maneno yasiyoeleweka, naye mwenyewe anasisitiza kuwa hana tatizo. Akifika hapo ni dharura. Mwekeni kivulini, mlowesheni mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na mmoja wenu apige simu. Msingoje apate nguvu atembee. Wazee, watoto wadogo, wenye presha na sukari, hasa wanaomeza dawa za kukojoza, hao hufika huko haraka kuliko wengine.

Sasa maji.

Mvua itakayokuua Wadi Shab haikunyeshei wewe. Inanyesha nyuma, juu ya milima ya Hajar, nawe uko chini kwenye jua unapiga picha. Milima hiyo ni miamba mitupu. Haina udongo wa kunywa maji wala msitu wa kuyazuia. Mvua yote inateremka kwa pamoja, na njia yake ni korongo hilo ulimosimama. Miezi ya joto mawingu hujikusanya juu ya milima kuanzia adhuhuri. Miezi ya baridi mvua huja na mifumo ya hewa inayotoka upande wa Mediterania. Hakuna msimu wa kusema sasa tumesalimika.

Haya si mawazo yangu. Mei 2019 watu sita wa familia moja iliyokwenda matembezi Wadi Bani Khalid, korongo jingine la Oman, walisombwa na mafuriko. Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al Shan, maji yalichukua gari lililokuwa na watoto wa shule. Na msidhani ni mambo ya Uarabuni peke yake. Korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya, nalo husifiwa kwa wepesi wake. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua humo vijana wa kanisa waliokuwa matembezini. Mwaka 2019 yakaua tena, watu saba.

Maji ya magotini yaendayo kasi yanamwangusha mtu mzima. Kwa mtoto si lazima yafike magotini.

Dalili ni chache na muda ni mfupi. Maji meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kupita. Unasikia mngurumo na huoni unatoka wapi. Ukiona moja, panda juu. Usikimbilie mashua, maji yatakukuta njiani. Usirudi kuchukua begi. Panda ubavuni, juu kadiri unavyoweza, ukae huko hata ikibidi kulala. Na kwa kuwa kuta nyingi hazipandiki, tazama pa kupandia wakati unaingia, mahali baada ya mahali.

Yaliyo muhimu zaidi hufanywa nyumbani. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa, wa milimani na si wa Muscat tu. Kukiwa na onyo la mvua, hamwendi. Chukueni mashua ya kwanza ya asubuhi, na ikifika saa nne muwe mmeshageuza, hata kama pango hamjaliona. Juni hadi Agosti, na wazee mnao, msiende kabisa. Kila mtu abebe maji yake, si chini ya lita tatu, na avae viatu vinavyoshika mawe. Barabarani mkikuta maji yamekata njia, msivuke. Nguzo zenye rangi nyekundu na nyeupe ziko pale kupima kina. Gari la mbele kuvuka si kipimo.

Liko jambo moja gumu kwetu kuliko yote haya. Mwenyeji anaona haya kumwambia mgeni leo safari hakuna. Mgeni kafunga safari kutoka mbali, watoto wameshavaa, chakula kimeshapikwa na sufuria ziko garini. Basi anatazama wingu jeusi juu ya mlima, ananyamaza, anawasha gari. Heshima ya namna hiyo inazika watu. Chagueni mmoja mwenye kauli kabla ya kutoka. Akisema turudi, hata mjomba mkubwa anarudi, na hakuna wa kununa.

Wageni nanyi, mkiambiwa leo hapana, semeni asante.

Nambari ya dharura Oman ni 9999. Iingizeni kwenye simu ya kila mgeni leo. Mwachieni mtu nyumbani saa mnayotarajia kutoka korongoni. Na wengine wakiingia majini, mtu mzima mmoja abaki nchi kavu, simu mkononi, macho juu mlimani.