Fizi, mji uliojengwa juu ya mlima



Vijana wetu huonyeshana katika simu picha za miji ya mbali iliyojengwa juu ya magenge. Mmojawapo ni Ronda, kusini mwa Hispania. Nyumba zake nyeupe zimesimama ukingoni mwa mwamba, na daraja lake la mawe, lililomalizika mwaka 1793, limevuka korongo lenye kina cha karibu mita 100. Watu hutoka nchi nyingi kwenda kuutazama. Kisha vijana hutuuliza: je, sisi wa Kilembwe tuna mji gani wa kutembelea?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipo mbali. Tunao mji wetu wa mlimani, nao ni Fizi. Hauna daraja la kustaajabisha wala kuta za kale. Fahari yake ni ushuhuda uliotolewa huko na chini yake, Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa Mulele, kama wazee wanavyouita.

Siku hiyo waasi walifika misioni ya Baraka kwa gari. Bruda Vittorio Faccin, Msaveriani kutoka Italia, alikataa kupanda, akapigwa risasi. Padre Luigi Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha waamini. Alipotoka aliamriwa aende nao, naye akachagua kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti mbele ya mwili wake, akauawa. Mmoja alikuwa na miaka 30, mwingine 31. Jioni wauaji walipanda hadi Fizi, wakabisha hodi misioni. Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliwafungulia, nao wakauawa. Wote wanne walijua hatari iliyokuwapo, wakabaki na watu wao. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza kuwa Wenye Heri.

Tumtafakari kwa namna ya pekee Abbé Joubert. Alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba. Baba yake Mfaransa, mama yake Mkongo. Katika nyakati zile za kupimana kwa rangi ya ngozi, damu yake mwenyewe ilikuwa imeunganisha watu wawili, na upadre wake ulikuwa wa wote. Leo, katika nchi yetu ya Fizi, bado kuna anayeulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa jina lake. Ndiyo maana tunasema mahali hapo si pa kutazamwa tu.

Kutazama na kuhiji ni mambo mawili. Mgeni wa Ronda aweza kupiga picha darajani na kuondoka asijue kwamba mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, damu ilimwagika mjini humo, mapadre wakiwa miongoni mwa waliouawa. Uzuri wa mahali waweza kufunika kumbukumbu. Sisi nasi twaweza kwenda Fizi, tukaimba, tukala, tukarudi na fulana zenye picha za Wenye Heri, na mioyo ikabaki ile ile. Anayehiji hukubali kuulizwa swali na mahali anapofika. Swali la Fizi ni hili: mlango ukibishwa usiku, tutakuwa upande gani? Wauaji wale hawakutoka mwezini, na silaha zinazowaita vijana wetu leo zinabebwa na watoto wa watu. Kwa hiyo tusiende kuhesabu maadui. Twende kuwaombea waliouawa, na waliowaua pia.

Wapo watakaosema kwamba njia ni mbovu na usalama ni haba. Wanasema kweli, na hakuna sifa yoyote katika kuwapeleka akina mama na watoto penye hatari. Njia ikiruhusu, kila jumuiya iwatume wachache kwa niaba ya wote, nao wakirudi watusimulie. Isiporuhusu, tarehe 28 Novemba tukusanyike hapa hapa Kilembwe, makatekista wasimulie habari za wanne hao kwa majina yao, na kabla ya kuagana kila mmoja ampe mkono yule ambaye hajasema naye kwa muda mrefu. Huenda hatua hizo chache kati ya benchi na benchi zikawa ngumu kuliko kilomita zote za kwenda Fizi.

Bwana wetu alifundisha kwamba mji uliojengwa mlimani haufichiki. Fizi imekwisha kuonekana na Kanisa lote ulimwenguni. Isiwe kwamba sisi, majirani zake, ndio tusioiona.

Wenye Heri wafiadini wa Fizi na Baraka, mtuombee.