Marumaru si plastiki, na kosa si la kompyuta yako

Leo nina neno na wale wanaojifundisha kutengeneza picha za 3D.

Mara nyingi naona sanamu ya marumaru iliyoundwa kwa kompyuta. Mishipa ya jiwe ipo, rangi ni sawa, lakini jicho linakataa: ni plastiki iliyobandikwa karatasi yenye michoro. Mwenye kazi atakwambia anahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Mimi sikubaliani. Kabla ya kutoa pesa, tuulize kwanza kama tunaelewa mwanga.

Kuna vitu viangavu kama kioo cha dirisha. Halafu kuna vitu vinavyopitisha mwanga ila huoni kilicho nyuma yake: maziwa, nta, ngozi, marumaru. Wengi huchanganya haya mawili. Wanafifisha kitu mpaka cha nyuma kionekane, na sanamu inageuka mzuka! Katika marumaru mwanga huingia mahali pamoja, hugongagonga ndani, kisha hutokea kando kidogo. Ndiyo maana vivuli vyake ni laini.

Hesabu zake zipo siku nyingi. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen, Stephen Marschner, Marc Levoy na Pat Hanrahan walichapisha njia ya kukokotoa jambo hili bila kusubiri milele, wakapima marumaru na maziwa halisi. Mwaka 2004 Jensen, Marschner na Hanrahan walipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa utafiti huo.

Michoro nayo ina historia yake. Mwaka 1985 Ken Perlin alionyesha jinsi ya kuzalisha mishipa ya marumaru kwa fomula, ikiwa imeenea katika ujazo wote wa kitu. Ukilikata jiwe hilo, mshipa unaendelea ndani.

Sasa hoja yangu ni hii: mambo haya mawili yasitenganishwe. Mshipa wa marumaru si rangi tu, ni madini mengine yaliyochanganyika na jiwe, na humeza mwanga kwa kiasi tofauti. Tazama jani la mgomba jua likiwa nyuma yake: ubapa unang'aa, ukuti wa katikati unabaki mweusi. Mchoro huo umetokana na unene na maada, haukupakwa na mtu.

Kwa hiyo ukiwa na Blender, ambayo ni ya bure, fanya hivi. Michoro yako ifuate nafasi ya kitu chenyewe, si karatasi iliyokizungushia. Mchoro uleule uongoze rangi na pia umbali ambao mwanga husafiri ndani. Angalia vipimo: sanamu ya sentimita 20 ikiundwa kama ya mita 2, hesabu zote zinaharibika. Na usiache namba za mwanzo za umbali huo, yaani 1.0 kwa nyekundu, 0.2 kwa kijani na 0.1 kwa samawati. Hizo zinafaa ngozi ya binadamu. Marumaru itaona haya usoni bure!

Kisha weka taa nyuma ya sanamu. Taa ya mbele husamehe mengi, ya nyuma haisamehi.

Mashine mpya itakupa plastiki ileile, ila kwa haraka zaidi. Au mnaonaje?