ELIMU BURE, NGAZI KUMI: MTOTO MLEMAVU APITE DIRISHANI?

Kijana mwenzangu, wewe unayepiga debe Mbagala na wewe unayeuza mitumba Karume, leo weka kando ubishi wa Simba na Yanga. Mtaani kwenu hakuna mtoto anayefungiwa ndani kwa sababu hatembei, hasikii au haoni? Yupo, unamjua. Pengine na baba yake unamjua: kijana kama sisi, aliyetoroka akamwachia mama mtoto na lawama za mkosi juu yake.

Lakini tusimseme baba mtoro peke yake. Mtoro mkubwa yuko serikalini.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 27 kinasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe msaada wa mwalimu anayeijua kazi hiyo. Maneno matamu! Sasa nenda shule ya msingi ya kata yako ukahesabu. Walimu wangapi wanajua lugha ya alama? Kitabu cha nukta nundu kipo? Kiti cha magurudumu kinaingia chooni?

Mwaka 2016 tukapigiwa ngoma ya elimu bure. Vizuri. Lakini mtoto anayetambaa hazuiwi na ada tu. Anazuiwa na ngazi, na umbali, na konda anayemwona mzigo. Kumfutia ada mtoto asiyeweza kufika darasani ni kiini macho.

Baya zaidi ni kuchelewa. Mtoto kiziwi hangoji darasa la kwanza, kwani lugha hujengeka miaka ya mwanzo ya maisha. Akifika miaka 7 hajawahi kuzungumzishwa kwa ishara, ameibiwa lugha yenyewe. Kisha wanamwita zuzu! Zuzu ni yeye, au ni aliyemnyima mwalimu?

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtia hatiani mzazi asiyemwandikisha mtoto wa miaka 7. Sawa. Na serikali inayomwandikisha halafu haimpi mwalimu, itafikishwa mahakama gani?

Wasituimbie wimbo wa umaskini. Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki likafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963. Waanzilishi hao hawakungoja kwanza wanunuliwe mashangingi.

Basi kwenye mkutano wa mtaa usikae kimya. Simama umuulize diwani mbele ya watu: darasa la awali la kata hii linampokea mtoto kiziwi? Nani anamfundisha? Akijibu "mchakato unaendelea", mnyime kura.

Na wewe uliyekimbia, rudi nyumbani kwanza. Huwezi kumdai diwani haki ya mtoto uliyemkana mwenyewe.