Bomba la Bafuni Likitoa Uzi wa Maji

Sisi wa Johannesburg tumeshazoea: maji yanakatika, yanarudi, na yakirudi bomba la kunawia bafuni linatoa uzi mwembamba tu. Kuzoea huko ndiko kunakonitia wasiwasi kama muuguzi. Kunawa vizuri kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Nani atasimama muda wote huo mbele ya bomba linalodondoka, huku mtoto analia? Mtu analowanisha vidole, anaondoka. Nasi wa Alexandra tunajua madhara ya uchafu: mwaka 2001 kipindupindu kilizuka hapa, kwenye vibanda vya kando ya mto Jukskei.

Jirani yangu mmoja, dada wa Kitanga mwenye mtoto wa miezi mitatu anayenyonya chupa, alitaka kuita fundi. Nikamwambia, "Subiri kwanza, dada, tuangalie wenyewe."

Anza kwa kufungua bomba la jikoni au la uani. Kama huko maji yanatoka kwa nguvu, tatizo liko kwenye sinki lako. Inama, tazama koki ndogo iliyo chini yake. Huenda haikufunguliwa yote. Kisha shika mdomo wa bomba. Mara nyingi ndani yake kuna kichujio kidogo chenye wavu. Kifungue kwa mkono, au kwa koleo lililozungushiwa kitambaa lisikwaruze. Ziba kwanza tundu la sinki, vipande visije vikapotelea humo, na kumbuka mpangilio wake.

Cha dada yule kilijaa mchanga na kutu. Tulikisugua kwa mswaki wa zamani, tukakisuuza, tukaruhusu maji yatiririke kidogo kabla ya kukirudisha. Maji yakatoka kama zamani, bila kulipa hata randi moja. Kikiwa na ukoko mweupe kama wa ndani ya birika, kiloweke kwenye siki kwa saa moja. Lakini usichanganye siki na jiki kamwe: hutoa hewa ya sumu. Rudia usafi huu kila baada ya miezi michache, maana uchafu unaotuama humo ni makazi mazuri ya bakteria.

Maji yakirudi baada ya kukatika, fungua kwanza bomba lisilo na kichujio, kama la uani, mpaka yawe meupe. Ya mtoto chemsha, kwani msukumo ukishuka, maji machafu ya nje yanaweza kupenya kwenye nyufa za mabomba.

Kama mabomba yote ni dhaifu, usihangaike na kichujio. Uliza majirani: Johannesburg Water imekuwa ikipunguza msukumo usiku ili matangi yajae. Ikiwa ni nyumba yako peke yake, mwambie mwenye nyumba. Pengine bomba linavuja ardhini.

Wakati unasubiri, weka bafuni ndoo yenye koki, na sabuni pembeni. Mikono ya anayeandaa chupa ya mtoto haiwezi kungoja fundi.