Roho Mtakatifu Hachukii Darasa

Kuna usemi umeenea mno hapa Mwanza, nami nimeuchoka. Utausikia kwenye mikutano ya injili, utausikia ndani ya basi la kwenda Magu, hata msibani utausikia. Husemwa hivi: mtumishi wa Mungu hahitaji shule, mwalimu wake ni Roho Mtakatifu. Na ukihoji kidogo tu, jina la marehemu Askofu Moses Kulola huletwa kama ushahidi. Yule mzee, wanasema, alijaza viwanja, na hakuwa profesa.

Kweli hakuwa profesa. Lakini kulitumia jina lake kuutetea ujinga ni kumdhulumu marehemu. Kulola alizaliwa mwaka 1928 upande huu wetu wa Mwanza, akapitia Kanisa la African Inland, kanisa ambalo tangu wamisionari wake walipoanza kazi Nassa mwaka 1909 limefundisha kusoma na kuamini kwa pamoja. Alikuwa amekwisha kuanza kuhubiri alipoingia chuo cha Biblia katika miaka ya 1960. Angeweza kusema kwamba watu wanaokoka, basi chuo cha nini? Hakusema hivyo. Alikwenda akakaa kwenye dawati. Baadaye alitumika katika Tanzania Assemblies of God hadi mwaka 1991, alipoanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania, nayo akaiongoza mpaka alipofariki tarehe 29 Agosti 2013. Alizikwa hapa Mwanza. Wengi wanaikumbuka sauti yake. Saa alizokaa na kitabu wamezisahau, kwa sababu kusoma hakupigiwi vigelegele.

Wala si Kulola peke yake. Ufukwe huu wa Ziwa ulimjua Alexander Mackay, fundi mitambo, aliyefariki Usambiro mwaka 1890 akiwa katika kazi ya kutafsiri Injili kwa Kiganda. Na hao Wapentekoste wenyewe, uamsho wao ulianzia wapi? Ulianzia darasani! Tarehe 1 Januari 1901, huko Topeka, Marekani, wanafunzi wa shule ndogo ya Biblia walikuwa wamepewa kazi ya kuchunguza kitabu cha Matendo ya Mitume, ndipo yakatokea yale yaliyotokea. Miaka michache baadaye William Seymour, mtu mweusi na mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alitaka kusoma katika shule ya namna hiyo mjini Houston. Sheria za ubaguzi zilimzuia kuketi na wazungu. Akakubali kusikiliza somo akiwa nje ya chumba, mlango umeachwa wazi kidogo. Ni huyo ambaye mwaka 1906 aliongoza mikutano ya Azusa Street, Los Angeles, iliyoieneza imani hiyo duniani. Yeye alilitafuta somo hata mlangoni. Vijana wetu milango imefunguliwa, nao hawataki kuingia.

Watanijibu kwamba Petro na Yohana walikuwa wavuvi wasio na elimu. Sisi watu wa Ziwa twawajua wavuvi: hakuna anayekabidhiwa mtumbwi siku ya kwanza. Petro alikaa na Mwalimu wake miaka ipatayo mitatu, akisikia, akiuliza, akikosolewa mbele ya wenzake. Kama hicho si chuo, basi sijui chuo ni nini. Naye Paulo, aliyesoma miguuni pa Gamalieli, alipokuwa kifungoni aliomba aletewe vitabu.

Jambo hili si ubishi wa wazee barazani. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana, kila mmoja akikimbilia kuyakanyaga mafuta yaliyodaiwa kuwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400. Wengi walikuwa wameacha kula wakitumaini kukutana na Yesu. Watu hao hawakuwa wapumbavu. Waliamini, ila hawakufundishwa kuuliza: hilo limeandikwa wapi?

Haki itendeke, nikiri hoja ya upande wa pili. Shule peke yake haitoshi. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mtu aliyepita chuoni. Wako pia wenye shahada wanaohubiri mifuko ya watu. Lakini daktari mmoja akikosea hatusemi tufunge vyuo vya udaktari. Twasema daktari asimamiwe. Mhubiri naye asome, na akiisha kusoma asimamiwe.

Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote ya kazi. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, na mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na kalamu yake akituangalia. Hayo yote ni kwa ajili ya kumfundisha mtoto kutoa na kujumlisha! Je, anayemwambia mama mgonjwa aache vidonge vyake vya Bugando, huyo asiwe na andalio, wala mtu wa kuketi nyuma yake?

Basi nasema waziwazi. Kanisa lisimwekee mtu mikono kabla hajasoma Biblia yote, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, mbele ya wazee watakaomuuliza maswali. Na wewe muumini, beba kitabu chako na kalamu. Wale watu wa Beroya walichunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo. Kama Paulo alipimwa, nani leo, mwenye spika kubwa kiasi gani, asiyepaswa kupimwa?

Mhubiri atakayekasirika kwa kuulizwa aya iko wapi, mwache na spika zake, urudi nyumbani kwako ukasome.