FUNDI WA KIJIJI: Pima Kihisi cha Sumaku Kabla ya Kukiamini



Siku hizi fundi wa redio anaweza kutengeneza king'ora cha mlango wa ghala. Sumaku hufungwa kwenye mlango. Kihisi cha sumaku hufungwa kwenye fremu. Ni kifaa kidogo chenye miguu mitatu. Mlango ukifunguliwa, sumaku huenda mbali. Kihisi hutambua, na king'ora hulia.

Lakini je, kihisi kikiwa kibovu? Mwizi atabeba magunia yetu, na king'ora kitakaa kimya. Kwa hiyo tukipime kwanza.

Mwaka 1879, Edwin Hall wa Marekani aligundua jambo. Umeme ulipopita katika bamba jembamba la dhahabu lililo karibu na sumaku, volti ndogo ilitokea ubavuni. Kihisi cha Hall hufanya kazi hivyo.

Vitu vinavyotakiwa ni kihisi cha Hall cha volti 5, sumaku, rula, nyaya tatu, kompyuta na kadi ya Arduino Uno. Kadi hii husoma volti 0 hadi 5, na kuzionyesha kama namba 0 hadi 1023.

Fuata hatua hizi:

1. Soma maelezo ya kihisi. Jua mguu wa chanya, wa hasi na wa jibu. Ukikosea, kihisi kinaweza kuungua.

2. Weka sumaku mbali. Namba iwe karibu na 512, yaani nusu.

3. Sogeza sumaku karibu. Namba itapanda au itashuka.

4. Geuza sumaku. Kama namba ilipanda, sasa itashuka.

5. Pima kwa rula: sentimita 5, 4, 3, 2, 1. Andika kila namba.

Namba isipobadilika, kagua nyaya, kisha jaribu sumaku nyingine. Ikikataa tena, usikitumie kihisi hicho.

Tuseme mlango ukiwa wazi namba ni 512, na ukifungwa ni 700. Basi panga king'ora kilie namba ikishuka chini ya 600. Rudia kupima mlangoni penyewe, kwa sababu chuma cha mlango huvuta sumaku na kubadili namba.

Angalieni: weka sumaku mbali na watoto. Mtoto akimeza sumaku mbili, huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Mpelekeni hospitali mara moja.

Maswali:

1. Kwa nini tunageuza sumaku?
2. Kwa nini tunapima tena mlangoni?