Ajali Hii Ina Kinga

Kuna methali moja ambayo ningependa ipumzishwe kwa muda katika karakana zetu, nayo ni "ajali haina kinga". Sina ugomvi na wahenga, walioisema ili kumfariji mtu aliyekwisha kufikwa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoisema kabla ya ajali, tukiwa bado tumeshika grenda mkononi, kisha tukairudia makaburini ili asipatikane mtu wa kuulizwa.

Hapa Dodoma karakana zimeongezeka mno. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitolewa mwaka 1973, lakini mji ulijengwa polepole mpaka Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Nyumba mpya zinataka mageti, grili za madirisha, milango na makabati, na vyote hivyo hupitia kwenye mashine zenye waya: grenda, drili, randa ya umeme, mashine ya kuchomelea. Mashine watu wamenunua. Kile kilicho baina ya mashine na ukuta ndicho kisicho na mtu wa kukilipia.

Ninayoyaona katika karakana nyingi ni haya. Plagi imekatwa, na nyaya tupu zimechomekwa kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Fyuzi iliyoungua imebadilishwa kwa kipande cha waya wa shaba. Ekstensheni imeungwa katikati kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na inapita juu ya vumbi la chuma. Kijana anayejifunza kazi amevaa kandambili. Ukiuliza, unajibiwa kwa kicheko: "Mzee, sisi tumezoea."

Umeme hauzoeleki. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi imewekwa ili waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya moyo wa mtu. Sehemu ya kumi tu ya ampea moja, ikipita kifuani, inatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu anaweza kufa na fyuzi ikabaki nzima. Tena huyu aliyeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ameondoa hata ile kinga ya moto.

Wapo wanaojibu kwamba wao wana ethi, fimbo iliyopigwa chini kando ya ukuta. Hapo ndipo nchi yetu hii ya kati inapotudai akili zaidi. Masimulizi ya Wagogo yanasema jina la Dodoma linatokana na tembo aliyedidimia topeni. Lakini mvua zetu huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, na miezi iliyobaki tope hilo hulioni. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuchukue fimbo ambayo udongo wake una ukinzani wa omu 100, jambo lisilo la ajabu wakati wa kiangazi. Waya wenye volti 230 ukigusa gamba la chuma la drili, ampea zitakazokimbilia ardhini ni 2.3 tu. Fyuzi ya 13 haitahisi kitu. Gamba litabaki na umeme, likimngoja mtu mwenye jasho aliyeshika geti la chuma kwa mkono wa pili.

Dawa ya hilo inajulikana. Ni ile swichi ambayo mafundi huiita RCD, inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata katika sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha kuijaribia, na haigharimu sawa na jeneza. Haimkingi aliyeshika nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo njiti za kiberiti bado ni kosa hata pale ilipo.

Kweli, zipo mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba, zilizotengenezwa kwa kinga maradufu, nazo hazihitaji waya wa ethi. Lakini ganda likipasuka au likijaa vumbi la chuma, kinga ile imekwisha, na alama pekee haiokoi mtu.

Na ekstensheni nayo ina hesabu yake. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 50, ukibeba ampea 10 hupoteza volti kama 24 njiani. Mashine inalegea, na wati zaidi ya 240 zinageuka joto ndani ya waya. Ukiuacha umeviringishwa, joto hilo halina pa kutokea. Tunalaumu mashine kuwa feki, kumbe tumeinyonga wenyewe.

Najua hoja kubwa: umaskini. Naiheshimu, kwa sababu karakana nyingi zinaishi kwa kazi ya siku hiyo. Lakini umaskini haukumzuia mwenye karakana kununua grenda. Ulianza kutajwa tulipofika kwenye plagi. Tena anayebania si anayeshika waya. Bosi anabania, kijana anashika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu juu ya mwajiri, wala haikusema wajibu huo unakwisha mtaji ukiwa mdogo.

Na sisi wateja tusijifiche. Tunapunguza bei ya geti mpaka fundi hana cha kubakiza, kisha tunasimama kivulini tukitazama nyaya tupu kana kwamba hazituhusu. Nataka mteja aulize soketi iko wapi kabla ya kuuliza geti litakwisha lini, na akiona njiti za kiberiti apeleke fedha yake kwingine. Nataka mzazi anayempeleka mwanawe kujifunza kazi aangalie kwanza waya wa ekstensheni.

Baada ya hayo yote, ajali ikimpata mtu aliyekuwa amejikinga, nitakaa msibani na kuisema ile methali pamoja na wengine. Kwa aliyeuawa na njiti ya kiberiti, naomba tuseme wazi kilichomuua, na nani alikiona akanyamaza.